Duka la santuri likifungwa, tunalilia nini hasa?

Tangazo lenyewe huwa fupi. Karatasi moja imebandikwa kwenye kioo cha mlango, imeandikwa kwa mkono: tunawashukuru kwa miaka yote, siku ya mwisho ni Jumamosi, kila kilichomo kinauzwa. Kabla jua halijazama, picha ya karatasi hiyo imeshapita kwenye simu za mamia ya watu, na kila mmoja ana lake la kusimulia. Mmoja alinunua hapo santuri yake ya kwanza kwa akiba ya miezi miwili. Mwingine alikutana hapo na mtu aliyekuja kufunga naye ndoa. Yuko pia aliyehama mji siku nyingi, lakini moyoni aliamini duka lipo tu, kama ulivyo mti wa njia panda. Jumamosi ikifika, foleni inatoka mlangoni hadi barabarani. Mwenye duka, ambaye mwaka uliopita zilikuwapo siku alizofunga bila kuuza hata moja, leo hana nafasi ya kumeza mate.

Asiyejali santuri akiwatazama watu hao huuliza swali la haki kabisa: mnalilia nini? Muziki wote mnao mfukoni, nyimbo zaidi ya milioni 100 ndani ya programu moja ya simu. Na kama mlilipenda hivyo, mbona hamkuwa mkija?

Maswali haya hujibiwa harakaharaka. Wapo wanaosema intaneti imeliua duka, basi. Wapo wanaosema watu wanalilia ujana wao tu, na ujana ni moshi, ukienda haurudi. Kila jibu lina kweli yake, lakini hata ukiyajumlisha yote mawili bado hujafika kwenye kiini. Naamini kuna kitu halisi kinachotoweka mlango ule ukifungwa, kitu kinachoweza kutajwa, na wala hakikuwa kimechapishwa kwenye santuri yoyote. Ili tukione, inabidi kwanza tuzifumue nyuzi nyingine zilizojisokota nacho.

Kifo cha mikono mingi

Tuanze na sababu. Biashara hii ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Spillers Records ya Cardiff, inayotajwa kuwa duka la santuri la zamani kuliko yote duniani, ilifunguliwa mwaka 1894, wakati sauti ilikuwa bado ikinaswa kwenye silinda za nta. HMV ilifungua mlango wake Oxford Street, London, mwaka 1921, na mtunzi Edward Elgar ndiye aliyealikwa kuuzindua. Tangu hapo maduka ya aina hii yamevuka ujio wa redio, mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, vita kuu, santuri ndefu ya LP mwaka 1948, ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika mwaka uliofuata, kaseti, kisha CD mwaka 1982. Kila mara umbo la bidhaa lilibadilika na duka likabaki, kwani kila umbo jipya bado lilikuwa kitu cha kushikwa mkononi, na kitu cha kushikwa lazima kiwe na mahali pa kuuzwa.

Mwaka 1999 ikaja Napster, watu wakaanza kupeana nyimbo bure kupitia kompyuta. Mwaka huohuo mapato ya muziki uliorekodiwa nchini Marekani yalifika kileleni, takriban dola bilioni 14.6. Ilipofika mwaka 2014 yalikuwa chini ya nusu ya hapo. Ukiziweka tarehe hizo mbili pamoja, kesi inaonekana imekwisha.

Lakini maduka madogo yalikuwa yameanza kuvuja damu kabla ya hapo, na aliyeyakata alikuwa muuza friji. Katikati ya miaka ya 1990, maduka makubwa ya vifaa vya umeme nchini Marekani yaligundua kwamba CD mpya ya msanii maarufu ni chambo kizuri. Waliiuza kwa bei iliyo chini ya ile waliyoinunulia, wakijua kwamba anayeingia kwa ajili ya CD atatoka na televisheni. Hasara ya CD ilifidiwa na televisheni. Duka la santuri halina televisheni ya kufidia chochote, na maduka kadhaa ya muziki, hata yenye matawi mengi, yalifilisika katika miaka hiyo. Makampuni ya kurekodi yakaingilia kati: duka litakalotangaza CD chini ya bei fulani lingenyimwa fedha za matangazo. Kwa muda bei zikatulia. Kisha mwaka 2000 tume ya Marekani inayosimamia ushindani wa kibiashara ikawabana wasambazaji watano wakubwa, wakakubali kuachana na utaratibu huo kwa sababu ulikuwa ukimwumiza mnunuzi. Kisheria na kwa mnunuzi ilikuwa haki. Kwa duka dogo ilikuwa kubomolewa kwa ukuta pekee uliokuwa ukilikinga, mwaka mmoja tu baada ya Napster.

Uingereza walikuwa na mkasa wao. Hadi Aprili 2012, CD iliyotumwa kwa posta kutoka visiwa vya mlango bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, Jersey na Guernsey, ilimfikia mteja bila kodi ya ongezeko la thamani mradi thamani yake haijavuka kiwango fulani. Wauzaji wa mtandaoni wakajenga maghala huko. Duka la mtaani lilitoza kodi hiyo kwa kila CD, likaonekana la walafi, ilhali lilikuwa likifuata sheria tu.

Halafu kuna hesabu ya ndani, ambayo mteja haioni. CD isiyouzika, kwa kawaida, duka liliweza kuirudisha kwa msambazaji. Santuri mara nyingi hairudi. Mwenye duka akiagiza tano na zikauzwa tatu, mbili zilizododa zinaweza kuwa ndizo faida yake yote, zimekaa kwenye rafu zikigeuka rangi. Kila anapoagiza kitu kisichojulikana sana, anacheza kamari kwa mtaji wake mwenyewe. Kodi ya pango nayo haingoji. Hata wakubwa hawakusalimika: Tower Records, iliyoanza Sacramento mwaka 1960 na kuenea nchi nyingi, ilifilisiwa Marekani mwaka 2006, ingawa jina hilo linaendelea kuishi Japani chini ya wenyewe wengine.

Kwa hiyo anayesema intaneti imeua duka anamtaja aliyepiga pigo la mwisho. Mwili ulikuwa umedhoofika kitambo.

Zilipendwa

Sasa ule uzi wa pili, wa majonzi yenyewe.

Kwa Kiswahili nyimbo za zamani tunaziita zilipendwa. Neno hili nimelitafakari mara nyingi. Halisemi ni nani aliyezipenda. Na pendo lenyewe limewekwa katika wakati uliopita, ilhali anayelitamka aghalabu yuko katikati ya kuucheza wimbo huohuo, amefumba macho, anaupenda sasa hivi. Lugha imenasa kitu ambacho wanasaikolojia wamekitolea jasho: hisia hii inaishi katika nyakati mbili kwa pamoja.

Wazungu waliipa jina kama ugonjwa. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari, Johannes Hofer, aliandika tasnifu Basel kuhusu Waswisi waliokonda na kuugua wakiwa mbali na kwao. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kurudi nyumbani na la maumivu, akapata nostaljia. Dawa ya kuaminika ilikuwa moja: mrudishe mgonjwa kwao. Na tangu mapema ugonjwa huo ulihusishwa na muziki. Mwanafalsafa Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, alieleza kwamba wimbo wa wachunga ng'ombe wa Uswisi ulipigwa marufuku miongoni mwa askari wa Kiswisi kwa adhabu ya kifo, kwa sababu wakiusikia walilia, wakatoroka jeshini, au wakafa. Iwe ametia chumvi au la, alikuwa ameona jambo. Picha ya nyumbani unaweza kuigeuza uso ukutani. Sauti huingia hata kama hukuiita.

Karne tatu baadaye watafiti wameacha kuuita ugonjwa. Wanachokubaliana ni kwamba watu wazima wakiulizwa kumbukumbu zao hurudi kwa wingi kwenye umri wa kati ya miaka 10 na 30, na kwamba muziki wa kipindi hicho hushikamana na mtu kuliko wowote utakaofuata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, akina Constantine Sedikides na Tim Wildschut, wameonyesha pia kwamba nostaljia huamshwa sana na upweke, na kwamba ikishaamka humpa mtu hisia ya kuwa na wenzake. Inafanya kazi kama blanketi. Mtu hajifuniki blanketi kwa kupenda baridi.

Hapa ndipo wengi hutua mzigo na kusema, haya basi, ni ujana unaoliliwa. Mimi siridhiki, kwa sababu mbili. Ya kwanza: viatu vya ujana wetu navyo tulivinunua dukani, na vitabu vya shule, na shati la kwanza la kutokea. Maduka hayo yakifungwa, hakuna foleni ya kuaga. Ya pili: ukiitazama ile foleni ya Jumamosi vizuri utaona vijana wa miaka 20, ambao ujana wao hata haujapoa. Wanalia wakiwa ndani yake. Kama ingekuwa ni umri tu, wale wangekuwa nyumbani.

Kizuri hakijiuzi

Tuna methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya muziki methali hii haijawahi kuwa kweli. Kizuri kimetembezwa na mtu karibu kila mara, na mtu huyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, alikuwa amesimama nyuma ya kaunta.

Milt Gabler alichukua duka la redio la baba yake mjini New York akaligeuza kuwa duka la santuri za jazi, Commodore Music Shop. Santuri ambazo makampuni makubwa yalishaacha kuzichapa, yeye alizichapisha upya kwa ajili ya wateja wake, maana alisikia kila siku wanachokitafuta. Mwaka 1938 akaanzisha lebo yake, yaani kampuni ya kurekodi na kutoa santuri. Mwaka uliofuata mwimbaji Billie Holiday alikuwa na wimbo kuhusu Weusi walionyongwa mitini na umati, na kampuni yake, Columbia, iliogopa kuurekodi. Aliyeurekodi ni Gabler. Mwenye duka.

Memphis, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kulikuwa na jengo la sinema ya zamani kwenye barabara ya East McLemore. Ukumbi ulifanywa studio, na pale palipokuwa pakiuzwa vitafunwa vya watazamaji, Estelle Axton akafungua duka la santuri. Studio iliendeshwa na kaka yake, Jim Stewart. Vijana wa mtaa waliingia dukani, Estelle akawapigia wimbo uliotoka kurekodiwa upande wa pili wa ukuta, akawatazama miguu. Wakicheza, wimbo unatoka. Wasipocheza, anawauliza kasoro iko wapi. Mpiga gitaa Steve Cropper alifanya kazi kwenye kaunta hiyo. Studio yenyewe ndiyo Stax, jina lililotokana na herufi za kwanza za Stewart na Axton, na sehemu kubwa ya muziki wa soul tunaoujua ilipita kwanza kwenye mtihani wa wale vijana.

Rough Trade ya London ilikuwa duka la Geoff Travis mwaka 1976 kabla haijawa lebo miaka miwili baadaye. Na chati za muziki zenyewe, zile zinazotuambia wimbo gani ni namba moja? Ya kwanza ya Uingereza ilitolewa na gazeti la New Musical Express mnamo Novemba 1952, na ilipatikana kwa njia rahisi ajabu: Percy Dickins wa gazeti hilo alipiga simu kwenye maduka yapatayo 20 na kuuliza, wiki hii mmeuza nini zaidi?

Ila hadithi za watu mashuhuri zinaweza kutupoteza. Kazi kubwa ya duka ilikuwa ndogo kuliko hizo, na ilirudiwa mara mia kwa wiki. Itazame kwa karibu.

Mteja anaingia, anauliza kwa aibu kama kuna kitu kinachofanana na kile alichonunua mwezi jana. Muuzaji hajibu mara moja. Anamuuliza: pale ulipenda nini, ngoma au sauti? Mteja anafikiri, pengine hajawahi kuulizwa swali hilo maishani. Anasema, ile sehemu ya katikati, vyombo vyote vinaponyamaza likabaki besi peke yake. Muuzaji anakwenda kwenye rafu ambayo mteja hajawahi kuikaribia. Anachomoa jalada, anaitoa santuri kwa viganja viwili vikigusa ukingo tu, kidole kisiangukie kwenye mifereji, anaiinamisha upande wa taa kutafuta mikwaruzo. Akiwa na muda anamwonyesha hata ule ukanda mtupu karibu na kibandiko, ambako mafundi wachongaji kama Mwingereza George Peckham walizoea kuacha saini na vijineno vyao vya siri. Anaiweka kwenye mashine, anashusha sindano karibu na katikati. Vumbi linatatarika kidogo. Kisha besi.

Duka zima linasikia. Mtu mwingine kabisa, aliyekuwa kona ya mbali akipekua mambo yake, anainua kichwa: hiyo ni nini?

Kila nikimfikiria huyo wa kona ya mbali, naona yeye ndiye anayeeleza mambo yote. Hakuna aliyemkusudia. Algoriti ya programu ya muziki, ile kanuni inayokuchagulia wimbo unaofuata, ni kazi ya ustadi mkubwa, na mimi mwenyewe imenifikisha kwenye nyimbo ambazo nisingezifikia peke yangu. Sina sababu ya kuidharau. Lakini imejengwa kumpa kila mtu njia yake, na njia hiyo haikatizani na ya jirani. Inajua ulichopiga na ulichoruka. Haijui kwamba uliuruka ule wimbo kwa sababu ulipigwa siku ya msiba. Muuzaji alijua, maana ulimwambia. Tena alikuwa na la kupoteza: akikuuzia kitu kibovu, kesho utasimama mbele yake nacho mkononi.

Mwanasosholojia Ray Oldenburg, mwaka 1989, alizipa sehemu kama hizi jina la mahali pa tatu: si nyumbani, si kazini, ni pale unapoweza kukaa bila kuulizwa umefuata nini. Maelezo hayo yanatufaa, ila hayatoshi, maana kinyozi na mkahawa navyo ni mahali pa tatu. Duka la santuri lilikuwa na kimoja zaidi, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo: mpangilio.

Kila rafu ndani ya duka la namna hii ni hoja ya mtu. Mwenye duka ameamua kwamba mpiga saksafoni huyu hakai na wenzake wa jazi, anakaa na wale wa nyimbo za ibada, kwa sababu ndiko anakosikika. Ameamua nini kiwe kwenye usawa wa macho na nini uinamie. Ameweka nyuma ya mlango kile ambacho hataki kikuwahi kabla hujasikia vingine. Mpangilio huo umechukua miaka 20 au 30 kujengeka, umesahihishwa na maelfu ya mazungumzo kama lile la besi, na hauna nakala popote. Ulikuwa mmoja kwa watu wote, kwa hiyo ili ufikie chako ulilazimika kupita kwenye vya wengine. Ni akili ya mtu iliyopigwa misumari ukutani, na unaruhusiwa kutembea ndani yake.

Duka likifungwa, santuri hazifi. Kila moja inapata kwake. Kinachokufa ni ujirani wao.

Hata hivyo, halikuwa la kila mtu

Akili ya mtu ina upofu wake, na anayeliomboleza duka kwa haki hana budi kulisema hili. Wako walioingia mara moja wakatazamwa kuanzia viatuni, wakatoka wasirudi. Wasichana wengi walidhaniwa wamemsindikiza mvulana. Aliyeuliza wimbo unaopendwa na wengi aliuziwa kwa midomo iliyobetuliwa.

Na dharau hiyo iliacha alama zinazopimika. Hadi mwaka 1991 chati za jarida la Billboard zilitegemea ripoti za wafanyakazi wa maduka, waliosema wenyewe nini kinauzika. Mei mwaka huo zikaanza kutumia takwimu za SoundScan, zilizotoka moja kwa moja kwenye mashine za kaunta zinazosoma misimbo ya bidhaa. Ghafla muziki wa kantri na hip hop ukapanda, na mwezi uliofuata albamu ya kundi la hip hop la N.W.A ikawa namba moja. Wanunuzi walikuwapo siku zote. Waliokuwa wakiripoti ndio hawakuwaona, au hawakutaka kuwaona.

Mbona hamkuwa mkija?

Limebaki lile swali la pili, na ndilo gumu, kwa sababu linawauma wanaolia.

Ugumu wake unazidi ukiangalia takwimu. Mwaka 2006 santuri za LP zilizouzwa Marekani hazikufika milioni 1. Ilionekana ni mazishi. Mwaka 2022 ziliuzwa takriban milioni 41, dhidi ya CD milioni 33, na ikawa mara ya kwanza tangu 1987 santuri kuishinda CD kwa idadi. Tangu Aprili 2008 ipo hata sikukuu yake, Record Store Day, ambapo maduka huru hupata matoleo maalumu na foleni huanza alfajiri. Siku hiyo imeyaokoa maduka mengi, ingawa lebo ndogo zimelalamika kwamba viwanda vya kuchapa hujaa matoleo ya wakubwa, kazi zao zikasukumwa nyuma. Basi kama santuri zinauzika hivi, iweje maduka yaendelee kufungwa?

Jibu liko kwenye namna zinavyonunuliwa. Ripoti ya mwaka 2023 ya Luminate, kampuni inayofuatilia mauzo ya muziki, ilionyesha kuwa kati ya Wamarekani walionunua santuri katika miezi 12 iliyotangulia, nusu tu walikuwa na mashine ya kuzipigia. Santuri imekuwa kumbukumbu ya msanii ambaye mnunuzi tayari anamjua kwa simu. Anajua jina, anajua rangi ya toleo analolitaka, anaagiza kwa msanii mwenyewe au kwa muuzaji mkubwa wa mtandaoni. Simlaumu hata kidogo. Fedha nyingine zinamfikia msanii moja kwa moja, na hilo ni jema. Ila hana swali la kumuuliza mtu wa kaunta.

Na hapo ndipo siri ya biashara hii inapojitokeza. Duka lilikuwa likiuza kitu kimoja na kugawa kingine bure. Lililokuwa likiuza ni sahani ya plastiki ndani ya jalada la karatasi. Lililokuwa likigawa ni ule ushauri, kusikilizishwa, kuruhusiwa kusimama saa nzima siku ya mvua bila kununua, na mpangilio. Bei ya sahani ndiyo iliyolipia vyote. Sahani ilipopatikana kwingine kwa bei nafuu, watu hawakuacha kuvipenda vile vya bure; waliacha kuvilipia, na wengi wao hawakujua kwamba ndicho wanachokifanya. Huwezi kumdai mtu risiti ya kitu ambacho hakijawahi kuandikwa bei.

Ndiyo maana machozi ya Jumamosi yana ladha ya deni. Watu walipokea kwa miaka mingi kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kuwadai, na siku anayofunga ndiyo siku wanayoiona hesabu. Wengine hununua siku hiyo santuri wasizozihitaji, tatu, nne, bila hata kuzigeuza kusoma nyuma.

Jumamosi, saa kumi jioni

Kufikia saa hiyo rafu zinaonyesha mbao. Waliokuja asubuhi walirudisha kila jalada pale walipolikuta. Wa jioni wanaliacha popote, na hakuna anayewakataza. Nyimbo za ibada zimelala juu ya muziki wa filamu. Herufi ya B iko mbele ya ya A. Mwenye duka anaona, mkono unamwasha kuzipanga, kisha anakumbuka.

Zimebaki kadi za plastiki zilizokuwa zikitenganisha safu, kila moja na maandishi ya kalamu nene. Nyingi zina majina ya wasanii, yamefutwa na kurudiwa kadiri alivyobadili mawazo. Chache zimeandikwa vitu ambavyo havimo kwenye chati yoyote: *za kusikiliza usiku*, *kabla hujasema hupendi jazi*, *sauti mbili tu*. Ziko sakafuni ndani ya boksi, tayari kwa taka.

Binti mmoja anainama, anaokota ile ya *sauti mbili tu*, anaipeleka kaunta na kuuliza bei. Mwenye duka anaipokea, anaipangusa vumbi kwa upindo wa shati. Haina bei, anasema, ichukue. Kisha anaishikilia tena. Anamuuliza kama nyumbani ana mashine. Anayo. Anamuuliza anapenda sauti za namna gani, nzito au nyembamba, na huku nyuma ya binti foleni bado ni ndefu. Anasikiliza jibu mpaka mwisho. "Ningoje," anasema, na anatoka nyuma ya kaunta kwenda kutafuta, katika zile zilizosalia, santuri ya kukaa nyuma ya kadi hiyo.